Mizunguko Ishirini kwa Dakika

Habari za kifo cha Mama Tusa zilinikuta juu ya ngazi, Nanyala, nikiwa na bisibisi mdomoni na waya mwekundu mkononi. Nilishuka, nikazima swichi kuu, nikaandika kwenye daftari mahali nilipoishia, nikamwambia mwenye nyumba kwamba kazi itaendelea baada ya mazishi. Watu huniona mgumu kwa tabia hii. Lakini nyaya zilizoachwa wazi hazijui kama kuna msiba, na marehemu mwenyewe angeniuliza kwanza kama nimezima. Nilipokaa garini kuelekea Iyula, kwao, ndipo machozi yalipokuja, na pamoja nayo ukaja mwaka mmoja mzima, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Nilianza mwaka ule nikiwa mhudumu wa nyumba ya wageni pale Tunduma, naogopa hata kugusa fyuzi. Nilipoumaliza nilikuwa nimeshajua nitakuwa nani. Mengine, jinsi nilivyozaliwa Ibaba na nilivyofika mjini, yanafanana na ya watu wengi, sina haja ya kuyaeleza.

Nyumba ile ilikuwa ya Bi Zuhura, mjane aliyekuja na mume wake kutoka Tanga kwa biashara ya usafirishaji, akabaki baada ya mume kufariki. Ilikuwa na vyumba vinane, vinne kila upande wa korido, na mwisho wa korido mlango wa bati uliotokea uani, kwenye jiko. Mimi na Mama Tusa, mpishi, tulilala katika chumba kidogo kilichoshikana na stoo. Kilinuka hamira, mafuta ya taa na magunia ya unga. Ukuta wake wa upande mmoja ulikuwa wa mbao, na nyuma ya mbao hizo ndiko madereva wa malori walikokula. Walikuwa wakikaa siku mbili tatu wakisubiri karatasi za mpakani, kwa hiyo walikuwa na muda wa kuzungumza, nami kazi yangu ya kupiga pasi mashuka niliifanya upande huu wa mbao. Nilisikia habari za springi zilizokatika, za madaraja ya upande wa pili, za wake waliochoka kungoja. Jioni walikula maharage au supu ya utumbo, na pembeni mkate wa moto. Mkate huo ndio kiini cha kisa hiki.

Nakonde, ng'ambo ya mpaka, watu walizoea kupikia umeme kabla yetu. Mwanamke mmoja wa huko alikuwa anahama, akauza oveni yake, na dereva wa Kizambia tuliyemwita Ba Mulenga akaileta kwa Bi Zuhura juu ya mizigo yake, imefungwa kwa blanketi kama mgonjwa. Lilikuwa sanduku la bati jeupe lenye mlango mzito, koili mbili ndani, swichi moja ya kuwasha na kuzima, na taa nyekundu. Nyuma kulikuwa na kibati kilichoandikwa volti 230, wati 2000. Jumapili ya kwanza tuliijaribu mchana. Mkate ulitoka umeumuka, rangi ya kahawia, ukiugonga chini unalia kama ngoma. Bi Zuhura alikata kipande, akakinusa, akasema, "Alhamdulillahi. Sasa wataniacha vipi hawa?" Akaamua kwamba tangu siku hiyo mkate uokwe saa moja jioni, ili ufike mezani ukifuka moshi.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mkate wa saa moja ulitoka mweupe juu na unga mbichi katikati. Siku moja moja, Mama Tusa alipowahi kuanza kazi alasiri, ulitoka vizuri, na jambo hilo ndilo lililomponza, maana Bi Zuhura aliona kwamba mtu anayeweza leo na asiweze kesho ni mzembe. Madereva hawakuwa na huruma. "Mama Tusa," Ba Mulenga aliita kwa adabu ya lugha ya kwao kutoka mezani, ameshika kipande, "huu mkate una mimba, mukwai. Niukate au nimwite mkunga?" Wenzake wakagonga meza kwa kicheko. Mwingine akasema yeye atausindikiza hadi Lusaka, huenda ukajifungulia njiani. Mama Tusa alirudi kwenye beseni. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mikono ya mtu aliyechuma kahawa tangu utotoni, na alipokasirika aliosha trei zilizokwisha kuoshwa.

Wiki ya tatu Bi Zuhura alikuja jikoni, akakaa kwenye kiti, jambo ambalo hakulifanya mara kwa mara. Nilikuwa namenya vitunguu. "Mama Tusa, mimi sikutukani, na hujaniibia hata kijiko," alisema. "Lakini watu wanakwenda kula kwa jirani. Nakupa mpaka mwezi uandame. Mkate ukiwa bado mbichi, nitamleta mpwa wangu kutoka Tanga, nawe nitakupa nauli urudi Iyula. Tusiagane kwa ubaya."

"Nimesikia, Bi mkubwa," akasema Mama Tusa.

Chumbani alikaa kitandani bila kufungua kitambaa cha kichwa. Alikuwa na watoto wawili shuleni, na kazi ile ndiyo iliyowaweka huko. Hakulizungumzia hilo. Alizungumzia moto. Alisema alijifunza kuoka kwa masista, kwenye tanuri la udongo, na hakuwahi kutoa mkate mbichi hata siku moja. "Kule nilikuwa naingiza mkono, nahesabu kimoyomoyo. Nikishindwa kuvumilia kabla ya kumi, moto umefika. Hii ya Bi mkubwa haina kaa, haina moshi, ina taa nyekundu tu inayonitazama. Huu moto nitaujuaje, Atu?" Hilo ndilo swali lililonifanya fundi. Nimesoma vitabu vingi baadaye, na sijakutana na swali la umeme lililoulizwa vizuri zaidi.

Mimi nilikuwa na kitabu. Kilifika kwetu kama karatasi ya kufungia maandazi, kimekatwa jalada na kurasa za mwanzo, nami nilikiokoa kutoka kwenye rundo la stoo kwa sababu nilitambua michoro ya fizikia ya shule, somo nililolifaulu kwa shida na kulipenda kwa siri. Sura iliyobaki nzima ilikuwa ya nguvu ya umeme majumbani. Ilisema kwamba nguvu, kwa wati, ni volti mara ampea. Ilisema pia kwamba ukijua ukinzani wa koili, nguvu ni volti mara volti, ugawanye kwa ukinzani huo. Nilikuwa nimeyakariri yote haya bila kuyaamini, kama mtu anavyokariri majina ya miji ambayo hatafika. Kisha nikasoma aya moja kuhusu mita. Ilisema kwamba kisahani kinachozunguka ndani ya mita huzunguka kwa kadiri ya wati zinazotumika ndani ya nyumba, na kwamba idadi ya mizunguko kwa kila kilowati-saa moja imeandikwa usoni pake.

Mita yetu ilikuwa kwenye ubao mwanzoni mwa korido, juu ya meza ya daftari la wageni. Nilipanda kiti, nikafuta kioo kwa upindo wa khanga. Imeandikwa mizunguko 600. Nilikaa na penseli. Balbu ya wati mia ikiwaka saa kumi inamaliza kilowati-saa moja, yaani mizunguko mia sita kwa saa kumi, yaani sitini kwa saa moja, yaani mmoja kwa dakika. Kesho yake saa sita mchana, wageni wametoka, nilizima kila kitu, nikachomoa friji, nikawasha balbu moja ya wati mia. Kisahani kilikuwa na alama nyekundu ukingoni. Niliishika saa ya mkononi ya Mama Tusa, nikangoja alama ipite, nikaanza kuhesabu. Ilirudi sekunde ya sitini na moja. Ninaandika haya nikiwa mtu mzima niliyeshika vyombo vya kupimia vya kila aina, na bado hakuna kilichonitetemesha kama sekunde ile. Hesabu niliyoipiga kwenye karatasi ya maandazi ilikuwa imetembea ukutani mbele ya macho yangu, ikafika kwa wakati.

Nikaenda kwenye oveni. Wati elfu mbili ni kilowati-saa mbili kwa kila saa, mizunguko elfu moja na mia mbili kwa saa, ishirini kwa dakika. Mama Tusa aliwasha, mimi nikahesabu. Ishirini kamili. Nilimwambia kwamba oveni ni nzima. "Mbona mkate si mzima?" akauliza. Ndipo nikasema tuhesabu saa moja jioni, saa ile ile ya kuoka.

Jioni ile wageni walikuwa wamejaa. Nilipita mlango hadi mlango nikiomba wazime taa na redio kwa dakika moja tu. Walikubali, lakini dakika moja gizani ni ndefu kwa mtu mwenye sahani ya maharage mbele yake. "Dada Atu, huo umeme unauhesabu au unauombea?" mmoja akapaza sauti. Mwingine akasema, "Jamani, nani kachukua nyama yangu?" Zikawashwa taa kabla sijamaliza. Nikajifunza njia bora: nikahesabu mara ya kwanza oveni ikiwa imezimwa, mara ya pili ikiwa imewashwa, nikatoa. Jibu likawa kumi na mbili. Nilirudia kesho yake, na keshokutwa. Kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na mbili. Oveni iliyoandikwa wati elfu mbili ilikuwa inafanya kazi ya wati elfu moja na mia mbili.

Ajabu ni kwamba kila mtu Tunduma alijua kuwa jioni umeme ni mdogo. Tulikuwa tukisema hivyo kila siku. Jua likizama, nyumba zote za mstari wetu zikawasha taa na majiko ya kutoka ng'ambo, na balbu zetu zikageuka rangi ya chai. Lakini tuliamini kwamba umeme mdogo ni tatizo la taa. Oveni haikuonekana kufifia. Taa yake nyekundu iliwaka, bati lake likawa la moto, ukiweka mkono unaungua. Nani angewaza kwamba ndani yake, karibu nusu ya moto haikuwapo? Tena sisi tuliosoma kidogo ndio tulioamini kibati cha nyuma zaidi ya wote. Kimeandikwa elfu mbili, basi ni elfu mbili, asubuhi na jioni, kama umri wa mtu ulioandikwa kwenye cheti.

Sasa naeleza kosa langu, kwa sababu kumbukumbu isiyo na kosa la mwandishi wake siiamini. Nilijiambia: mkate ulihitaji dakika arobaini kwenye mizunguko ishirini. Kwenye mizunguko kumi na mbili, ili upate umeme ule ule, unahitaji arobaini mara ishirini gawanya kwa kumi na mbili. Dakika sitini na sita na kitu. Nilimwambia Mama Tusa, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuushinda ulimwengu, aache mkate ndani saa moja na dakika saba. Aliniamini. Ulitoka mgumu, umekauka hadi katikati, ganda limepasuka kama tope la kiangazi. Ba Mulenga aliupima uzito kwa mkono. "Huu ni mzuri," alisema. "Nitauweka nyuma ya tairi pale mlimani, lori lisirudi." Kwa mara ya kwanza Mama Tusa alinifokea mbele ya watu: "Hesabu zako, Atu, hazijawahi kukanda unga!" Aliingia chumbani, akafunga mlango, nami nikalala kwenye magunia ya stoo.

Ilinichukua siku mbili kuelewa. Oveni inapokea moto na papo hapo inaupoteza, kupitia mlango, kupitia bati. Ni kama ndoo inayovuja: ukimimina kwa nguvu inajaa, ukimimina polepole maji hayafiki juu hata ungemimina kutwa. Mkate hauhitaji kiasi cha umeme tu, unahitaji moto ufike kimo fulani, na wati elfu moja na mia mbili hazikukifikia. Kwa hiyo hapakuwa na dakika za kuongeza. Palikuwa na saa ya kubadilisha. Nikaanza kuhesabu kila saa, tangu asubuhi hadi jioni, nikiandika kwa penseli ukutani kando ya mita. Saa mbili asubuhi, kumi na tisa. Saa sita, ishirini. Saa tisa, kumi na tisa. Saa kumi na mbili jioni, kumi na tano. Saa moja, kumi na mbili.

Nilimpelekea Bi Zuhura hesabu hizo. Alizitazama kwa heshima, akasema, "Mwanangu, mimi sijui haya. Nitamwita fundi." Akaja Fundi Simbeye, mtu mnene mwenye mkoba wa ngozi, aliyefunga nyaya nusu ya mtaa wetu. Alikuja saa nne asubuhi. Akafungua soketi ya jikoni, akachomeka ncha za kipimo chake, mshale ukaruka mpaka 230. Akapima oveni, akaifunga. "Umeme mzima, oveni nzima," alimwambia Bi Zuhura. Kisha akamtazama Mama Tusa, akapunguza sauti kidogo, si sana. "Ugonjwa uko mikononi mwa mpishi."

Mama Tusa alikuwa anapepeta unga. Ungo ulisimama. Mwezi ulikuwa umebakiza siku nne kuandama.

Nilisema, "Fundi, shikamoo. Naomba urudi saa moja jioni."

"Marahaba. Nirudi kufanya nini, binti? Umeme wa jioni unatoka nchi nyingine?" Madereva wawili waliokuwa wanakunywa chai wakacheka.

"Upime tena soketi hiyo hiyo, oveni ikiwa imewashwa. Mshale hautafika 230. Utasimama kwenye mia na sabini na nane."

Fundi Simbeye aliuliza nimepata wapi kipimo. Nikamwonyesha saa ya mkononi na mita ya ukutani. Naeleza hapa hesabu niliyoipiga, kwa kuwa ndiyo mali yangu ya kwanza duniani. Volti 230 mara 230 ni 52,900. Gawanya kwa wati 2000, unapata ukinzani wa koili, om 26.45, na huo haubadiliki sana asubuhi na jioni, maana koili ni ile ile. Jioni kisahani kinasema wati 1200. Zidisha 1200 kwa 26.45, unapata 31,740. Hiyo ni volti mara volti. Sikuwa na mashine ya kutafuta kipeuo, nikajaribu kwa mkono: 170 mara 170 ni ndogo, 180 mara 180 ni kubwa, 178 mara 178 ni 31,684. Karibu kabisa. Volti ilikuwa imeshuka kwa chini ya robo, na moto ukashuka kwa sehemu mbili katika kila tano, kwa sababu volti huingia kwenye hesabu mara mbili.

"Na mshale ukisimama pengine?" fundi akauliza.

Mama Tusa ndiye aliyejibu, bila kuinua macho kwenye unga. "Mimi nitaondoka kesho, nisingoje mwezi. Na huyu atakubebea mkoba wako begani mpaka kwako."

Sikumtuma aseme hivyo. Sikuwa nimezungumza naye tangu siku ya mkate mgumu, ila kwa salamu. Alikuwa ameweka kazi yake, na watoto wake, juu ya namba 178.

Saa moja kasoro dakika kumi Fundi Simbeye alirudi. Jiko lilijaa. Ba Mulenga alisimama mlangoni na kikombe chake, Bi Zuhura akakaa kwenye kiti kile kile. Mama Tusa aliwasha oveni. Fundi akachomeka ncha zake. Mshale ulipanda haraka, ukasita, ukarudi nyuma kidogo, ukatulia unywele mmoja chini ya 180. Fundi alichomoa, akachomeka tena, akagonga kioo kwa kucha. Ukatulia pale pale. Alikuwa amechuchumaa, nami nilidhani anatafuta namna ya kukasirika. Badala yake alininyooshea kipimo. "Shika," alisema. "Soma wewe, mimi nimesahau miwani." Hakuwa mtu wa miwani. Kisha akamgeukia Mama Tusa, akamwambia mbele ya wote, "Mama, mikono yako haina ugonjwa. Niwie radhi." Kwa neno hilo nilimheshimu mpaka alipofariki, na mwaka uliofuata ndiye aliyenichukua kazini.

Bi Zuhura alibaki na ubishi mmoja: wateja wanataka mkate wa moto jioni, na mchana haugeuki kuwa jioni. Hapo mimi sikuwa na jibu. Mama Tusa alikuwa nalo. Alisema waoke saa nane, mikate itoke saa tisa, aifunge kwa khanga mbili akiilaza ndani ya sanduku la mbao lililotandikwa maganda ya mahindi, kama walivyokuwa wakihifadhi viazi vya kuchemsha kwao wakati wa kuchuma kahawa. Mimi nilitoa saa, yeye akatoa sanduku. Siku iliyofuata Bi Zuhura mwenyewe alisimama mbele ya mita, miwani puani, akihesabu kwa sauti alama nyekundu ikipita, "Kumi na nane, kumi na tisa, ishirini! Wallahi, ishirini!" kama mtu anayehesabu mbuzi wake wakirudi wote zizini. Jioni sanduku lilipofunguliwa mezani, mvuke ulitoka. Ba Mulenga alikata, akatazama katikati, akakitafuna kipande bila mzaha wowote. "Amejifungua salama," alisema hatimaye, na akaongeza kipande cha pili. Mwezi ulipoandama, Bi Zuhura alitoa sadaka, na Mama Tusa ndiye aliyeoka mikate yake yote.

Tangu siku hiyo palikuwa na amri moja katika nyumba ile. Tuligundua kwa kujaribu kwamba mkate unakubali mpaka mizunguko kumi na nane, na chini ya hapo unagoma. Niliandika 18 kwa penseli kando ya mita, nikaizungushia duara, na hakuna trei iliyoingia kabla mtu hajasimama kwenye korido akihesabu. Wageni wapya walidhani ni aina ya sala. Mama Tusa, aliyeishia darasa la pili, alihesabu kwa kugonga kidole kwenye paja, na hakuhitaji kuniuliza tena.

Leo watu huniuliza nilisomea wapi. Nina leseni, nimefunga nyaya nyumba nyingi kati ya Nanyala na mpakani, na wapo mafundi wenye vyeti wanaonipigia simu waniulize jambo kabla ya kuwasha. Huwa nawajibu kwamba nilisoma kwa kitabu kisicho na jalada. Si jibu kamili. Kitabu kilinipa kanuni, lakini niliijua kanuni ile miezi mingi bila kuitumia, mpaka mtu alipohatarisha riziki yake kwa ajili ya kanuni hiyo. Kupiga hesabu sahihi ni jambo la kujivunia, na mimi najivunia, siwezi kusema uongo. Ila kuaminiwa wiki ile ile uliyokosea ni kitu kikubwa zaidi, na hicho sikukifanya mimi.

Tulimzika Mama Tusa alasiri, nyuma ya mibuni yake. Baadaye niliingia jikoni kusaidia chai ya waombolezaji. Mjukuu wake, Neema, msichana wa kidato cha tatu, alikuwa na trei tatu za mikate iliyoumuka na oveni ya umeme, mpya, yenye kioo mlangoni. Oveni ilikuwa imeshawashwa, lakini hakuingiza trei. Alizima redio, akazima taa ya sebuleni, akamwambia binamu yake achomoe friji, akaenda kusimama mbele ya mita. Ilikuwa mita ya siku hizi, isiyo na kisahani, yenye kijitaa chekundu kinachopepesa. Akatoa simu yake kutazama sekunde, na kidole chake kikaanza kugonga paja.

"Unafanya nini, mwanangu?" nilimuuliza.

"Nahesabu, shangazi. Bibi alikataza mkate usiingie kabla hakijapepesa mara thelathini kwa dakika."

"Kwa nini thelathini?"

"Sijui. Walipotubadilishia mita alisema ile namba ya zamani imekufa, lazima aitafute mpya. Aliharibu mikate wiki nzima, babu akalalamika tunakula matofali. Kisha akasema ni thelathini." Alicheka kidogo, akafuta macho kwa mkono wenye unga. "Alisema kuna mtu Tunduma angeipata kwa penseli, lakini yeye hana haja ya kumsumbua."

Nilisogea karibu na mita, nikasoma usoni pake: mipepeso elfu moja kwa kilowati-saa. Nikapiga hesabu kichwani, nikairudia kwa vidole ili nisijidanganye. Mizunguko kumi na nane ya kisahani chetu cha zamani ni wati elfu moja na mia nane. Kwenye mita hii, wati elfu moja na mia nane ni mipepeso thelathini kwa dakika. Si ishirini na tisa, si thelathini na moja.

Neema alikuwa ameanza upya. Nilisimama kando yake, tukahesabu pamoja kwa sauti, na tulipofika thelathini na mbili dakika ikaisha. "Moto umefika," akasema, akachukua trei ya kwanza. Mimi nikamfungulia mlango wa oveni.